Kufunga mwamba wa pweza: kilo za siku ya kufungua zinatosha kuwa ushahidi?

Kibao_na_Kalamu:

Wakuu, naandaa utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu usimamizi shirikishi wa bahari. Kisa nilichochagua ni miamba ya pweza inayofungwa kwa muda katika shehia mbili (maeneo madogo kabisa ya utawala Zanzibar) za kusini Unguja. Utaratibu ni huu: Kamati ya Wavuvi ya Shehia inatangaza kufunga, mwamba unalindwa miezi mitatu, unafunguliwa bamvua linalofuata (siku za kila nusu mwezi ambazo maji hujaa na kupwa sana), kisha watu wanavua mpaka kamati ikae tena.

Ripoti nyingi ninazosoma zinaleta kilo za siku ya kufungua na picha ya pweza mkubwa. Mimi nataka kujua mambo mawili: kama watu wanapata zaidi kwa kufunga kuliko ambavyo wangepata bila kufunga, na kama uamuzi wa kufunga unatoka kweli kwa wanaouvua mwamba huo.

Nipime nini dikoni, wavuvi wanakoshusha pweza, na kwa siku ngapi? Upande wa uongozi nikusanye ushahidi gani zaidi ya dodoso la "nakubali sana, nakubali, sikubali"? Halafu sampuli: daftari la kamati lina wavuvi 180, nimetumia fomula ya Yamane nikapata 124. Iko sawa? Wa Bara na Kenya mnakaribishwa pia, maana nina sura moja ya kulinganisha sheria.

Maji_Mafu:

Kilo za siku ya kufungua hazitoshi, na hesabu ndogo itakuonyesha kwa nini. Chukua mfano wa kubuni. Mwamba kwa kawaida unatoa kilo 200 kila bamvua. Miezi mitatu ina bamvua 6, kwa hiyo kilo 1,200 hazikuvuliwa hapo. Ukafunguliwa: bamvua la kwanza kilo 900, la pili 400, la tatu 250, la nne umerudi 200. Ziada juu ya kawaida ni 700 + 200 + 50, yaani 950. Ripoti itasema mavuno yameruka kutoka 200 hadi 900. Mzunguko mzima unasema mwamba umetoa pungufu kwa kilo 250.

Lakini usikimbilie kuandika kwamba kufunga ni hasara. Wavuvi hawakukaa nyumbani miezi mitatu, walikwenda miamba ya jirani. Kama huko walipata kilo 600 juu ya zile zinazotoka huko siku zote, hasara inageuka kuwa faida ya 350. Kama mwamba wa jirani ulikwanguliwa kwa sababu ya wageni hao, faida hiyo imekopwa kwa watu wengine. Ndiyo maana vipimo vinahitajika sehemu tatu: mwamba uliofungwa, wa jirani unaopokea watu waliohamishwa, na wa mbali kidogo wenye sura ileile usioguswa na ufungaji. Wanafunzi wengi hupima wa kwanza tu, au huchukua wa jirani wakauita wa kulinganisha. Wa jirani hauwezi kuwa wa kulinganisha, kwa sababu umeshapata athari.

Muda: kabla ya kufunga pata angalau bamvua 4 hadi 6, na ukiweza mwaka mzima. Pweza wadogo hawaingii mwambani kwa kiwango kilekile wakati wa kusi (msimu wa upepo wa kusini) na wakati wa kaskazi (wa upepo wa kaskazini). Ukipima "kabla" katika kusi na "baada" katika kaskazi, utakachopima ni msimu. Baada ya kufungua endelea mpaka kilo zirudi kiwango cha zamani, hata kama ni bamvua la tano.

Katika kila bamvua, siku ambazo maji yanapwa vya kutosha kwa watu wa miguu ni kama tano au sita. Pima angalau tatu: ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho. Wazamiaji wenye miwani wanavua hata maji mafu (siku ambazo maji hayapwi sana), hivyo waandike fomu yao peke yao. Kuchanganya mchokoaji wa miguu (anayetoa pweza matunduni kwa kijiti) na mzamiaji katika wastani mmoja kunaharibu kila kitu, kwa sababu siku ya kufungua idadi ya wazamiaji hupanda na wastani hupanda nao, pweza wawe wameongezeka au hawakuongezeka.

Vitu vya kuandika kwa kila mvuvi: saa aliyokanyaga mwamba na saa aliyoondoka (si saa aliyotoka nyumbani), zana, idadi ya pweza, uzito wa jumla, mwamba alikovua, shehia anakotoka. Kisha hapa ndipo data nyingi huharibika:

– Asiyepata kitu hapiti kwenye mizani. Anakata njia moja kwa moja kwenda kwake. Usipowaandika hao, kilo kwa mvuvi kwa saa zitakuwa kubwa kuliko ukweli, na kosa litakuwa kubwa zaidi katika siku mbaya. Weka mtu wa kuhesabu kwenye njia ya kutokea ufukweni.

– Kuna wanaogeuza kichwa na kutoa matumbo baharini, na kuna wanaoleta pweza mzima. Usichanganye. Mwanzoni mwa utafiti pima pweza 50 kabla na baada ya kutolewa matumbo, upate kizidisho chako mwenyewe cha kubadilishia.

– Mizani ya kuning'iniza hulegea kwa chumvi. Kila asubuhi ijaribu kwa chupa ya maji ya lita 1.5. Ikikupa mbali na kilo moja na nusu, usianze kazi.

– Uzito wa pweza mmojammoja: chagua 30 kila siku ya kupima bila kuokota wa juu ya ndoo, maana mkubwa ndiye huwekwa juu. Asilimia ya walio chini ya gramu 500 ni kipimo kizuri, kwa sababu ndicho kiwango cha chini katika Kanuni za Uvuvi za Bara za mwaka 2009. Jinsia ni rahisi: dume ana mkono wa tatu wa kulia ambao ncha yake haina vinyonyeo kama mingine.

Usisahau kuhesabu watu waliopo mwambani maji yanapofika mwisho wa kupwa, kutoka mahali palipoinuka au kwenye ngalawa. Wengine wanateremkia madiko mengine na hutawaona mizanini.

Biolojia ya pweza wetu wa mwambani uishike, kwani ndiyo inayoamua urefu wa kufunga. Anaishi kama mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na anakua mbio. Jike hutaga ndani ya tundu, huyalinda mayai bila kula, na hufa yakishaanguliwa. Watoto huelea na mikondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua. Maana yake, mavuno makubwa ya siku ya kufungua ni ya walewale waliokuwepo, wamepewa muda wa kunenepa. Si lazima wawe wazao wa mwamba huo. Ukiona mtu ameandika kwamba miezi mitatu "imeongeza kizazi" cha mwamba uleule, ana kazi ya kuthibitisha. Na ukiacha mwamba umefungwa mrefu mno, majike makubwa yatataga na kufa bila kuvuliwa: huenda ni heri kwa pwani nzima, lakini kwa mfuko wa mchokoaji wa hapo kilo hizo zimepotea. Martin Guard na Yunus Mgaya walichapisha mwaka 2002 utafiti wa uvuvi wa pweza Tanzania, kwa data za Mtwara, Mafia na Tanga. Anzia hapo.

Na usome kwa makini kisa cha Madagaska, kusini magharibi, ambako kijiji cha Andavadoaka kilianza kufunga mwaka 2004. Uchambuzi wa ufungaji 36 uliotoka mwaka 2015 ulilinganisha siku 30 kabla ya kufunga na siku 30 baada ya kufungua. Mavuno ya jumla yalipanda zaidi ya asilimia 700, ilhali kilo kwa mvuvi zilipanda asilimia 87. Weka namba hizo mbili kando kwa kando uzitazame. Sehemu kubwa ya ruko la kwanza ni umati: watu wengi zaidi walikuja. Kwa anayejali riziki ya mchokoaji, hiyo ya pili ndiyo namba yake.

Daftari_Wazi:

Mkuu, la sampuli. Hesabu yako ya Yamane ni sahihi: 180 gawanya kwa 1.45 ni 124, kwa kosa la asilimia 5. Ukiruhusu asilimia 10 inashuka hadi 64. Shida yako si fomula, ni hilo daftari.

Daftari la kamati kwa kawaida lina wenye vyombo na wenye leseni. Wanawake wanaochokoa kwa miguu na kijiti, hawana chombo, hawana leseni, mara nyingi hawamo. Nao ndio mwamba wa kina kifupi ukifungwa hawana pa kwenda, maana mzamiaji atapanda ngalawa aende mwamba mwingine. Ukichukua 124 kutoka daftari hilo, umechagua kwa bahati nasibu ndani ya kundi ambalo walioathirika zaidi wameshaachwa nje. Usahihi wa asilimia 5 wa orodha isiyo sahihi haukusaidii.

Fanya hivi. Kabla ya kufunga, tembea mwambani siku tatu za bamvua moja uandike kila anayevua. Unganisha orodha hiyo na daftari. Kisha gawa makundi manne: wachokoaji wanawake, wachokoaji wanaume, wazamiaji, na wavuvi wa shehia jirani waliozoea kuuvua mwamba huo kabla haujafungwa. Chukua watu 25 hadi 30 katika kila kundi, na kundi likiwa dogo kuliko hapo, wahoji wote. Kundi la nne ndilo husahaulika, na ndilo lenye maneno mazito, kwani kuna wanaopewa habari ya kufungwa wakiwa wameshafika na mikuki yao.

Wavuvi wa dago (wanaokuja kupiga kambi kwa muda) wahesabu pia kama wapo, lakini kwa fomu fupi. Hawakai muda wa kutosha kwa mahojiano ya saa nzima.

Jambo jingine: usihoji siku ya kufungua wala wiki yake. Majibu yote yatakuwa ya furaha. Hoji mara mbili, katikati ya kufungwa wakati mifuko imekauka, na mwezi mmoja baada ya kufungua.

Kifungu_Kidogo:

Upande wa uongozi na sheria nina machache.

Wengi hutumia kanuni nane za Elinor Ostrom za mwaka 1990 kuhusu mali ya pamoja: mipaka, kanuni zinazolingana na mahali, ushiriki katika kuzitunga, ulinzi, adhabu za ngazi, utatuzi wa migogoro, kutambuliwa na dola, na kuungana na ngazi za juu. Zinafaa, ila zinaharibiwa na tabia ya kuweka alama ya "ipo" au "haipo". Kila kanuni itafutie ushahidi unaoweza kushikwa mkononi.

Mipaka: waombe watu 20, mmojammoja, wakuonyeshe mwamba uliofungwa unaishia wapi kwa alama za nchi kavu wanazotumia wenyewe. Linganisha na nukta za GPS za kamati. Tofauti ikiwa mita mia mbili, huo ni mpaka wa kwenye karatasi, na "uvamizi" mwingi katika kitabu cha doria huenda ni kutojua.

Ulinzi: kitabu cha doria kina tarehe, saa, majina ya walinzi, walichokiona. Gawa makosa kwa saa za doria. Kuongezeka kwa makosa peke yake hakusemi kitu, huenda doria zimeongezeka. Angalia pia tarehe ambazo hapakuwa na doria na sababu yake. Mara nyingi ni mafuta. Mashine ya farasi 15 ikienda kwa kasi hula takriban lita 6 kwa saa, na kamati isiyojua fedha ya doria ya mwezi ujao inatoka wapi italinda mwezi wa kwanza tu.

Adhabu: chukua kila kosa lililoandikwa ulifuatilie mpaka mwisho wake. Alionywa? Alitozwa? Alipelekwa polisi? Alisamehewa, na kwa ombi la nani? Weka safu moja ya uhusiano wa mkosaji na wajumbe wa kamati. Jedwali hilo litakuambia zaidi ya dodoso la kurasa kumi. Lishughulikie kwa namba za siri tangu siku ya kwanza, usiandike majina popote, maana kijiji ni kidogo na unaweza kuvunja undugu wa watu.

Uamuzi: mihtasari ya vikao. Nani alihudhuria, wanawake wangapi, hoja ya kufunga ililetwa na nani, na tarehe ya kufungua iliwekwa kabla au baada ya mnunuzi kufika. Kama mfadhili alilipia kikao cha kufunga lakini hakulipia cha kufunga mara ya pili, angalia kama mara ya pili ilitokea. Hicho ndicho kipimo cha kweli cha umiliki, kuliko majibu ya "nakubali sana".

Sheria sasa. Zanzibar unafanya kazi chini ya Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya mwaka 2010, na chombo cha chini ni kamati ya shehia. Kusini Unguja sehemu kubwa imo pia ndani ya Hifadhi ya Ghuba ya Menai, iliyotangazwa mwaka 1997, kwa hiyo eneo moja linaweza kuwa na kanuni za ngazi mbili. Bara ni Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na vikundi vya BMU (vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za pwani). Kufunga mwamba Bara kunahitaji sheria ndogo, na njia yake ni ndefu: halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unapitisha, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Kosa la kawaida ni kikundi kuanza kutoza faini kabla ya idhini hiyo. Mtozwaji akienda kulalamika anashinda, na siku hiyohiyo heshima ya kufunga inaisha. Kwa hiyo kwenye kila kijiji cha Bara uliza kwanza nakala ya sheria ndogo yenye saini na muhuri, si rasimu. Kenya kuna Kanuni za BMU, zilizotoka mara ya kwanza mwaka 2007, na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016.

Tahadhari ya neno: Kenya, "tengefu" ni eneo lililofungwa na jamii yenyewe, kama Kuruwitu kule Kilifi. Tanzania Bara, "maeneo tengefu" ni ya serikali, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Namba 29 ya mwaka 1994, mfano Bongoyo na Mbudya. Ukiziweka kwenye jedwali moja kwa sababu ya jina, sura yako ya kulinganisha itaanguka. Tena Kuruwitu haifunguliwi kwa mavuno. Faida yake inakuja kwa samaki wanaotoka nje ya mpaka na kwa wageni, kwa hiyo haina siku ya mavuno ya kulinganisha na yako. Kilicho karibu nawe zaidi ni Kisiwa Panza, Pemba, walioanza kufunga mwamba wa pweza mwaka 2016.

Kibali cha utafiti: cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) ni cha Bara. Zanzibar ina utaratibu wake wa kibali cha utafiti, na Kenya ni NACOSTI, tume yao ya sayansi. Anza miezi mitatu kabla. Bamvua halimngoji mtu.

Kibao_na_Kalamu:

Nashukuruni sana. Nimeshabadilisha orodha ya sampuli na nimeongeza kundi la shehia jirani. Matatu yamebaki. Moja, wanunuzi wana vitabu vya miaka kadhaa, naweza kuvitumia kama data ya "kabla"? Mbili, kamati inataka ushauri wa maboya, ya mwaka jana yalipotea ndani ya wiki mbili. Tatu, nina miamba miwili iliyofungwa, mmoja wa jirani na mmoja wa kulinganisha, na wavuvi kama 110. Inatosha kwa takwimu?

Daftari_Wazi:

Vitabu vya wanunuzi: vitumie, lakini kwa mwenendo wa miaka tu. Mnunuzi anaandika pweza wa miamba yote, hakuandika saa za uvuvi, na wengine hukata gramu kadhaa kwa "maji" kabla ya kuandika uzito. Huwezi kutoa humo kilo kwa mvuvi kwa saa. Kilicho na thamani kubwa zaidi ni bei kwa siku: bei ya siku ya kufungua mara nyingi hushuka kwa wingi wa pweza na uchache wa barafu, na kilo zilizoongezeka zisilete fedha zinazolingana nazo.

Angalia pia ukurasa wa madeni. Mnunuzi anayekopesha miwani, mafuta au chombo ana sauti ndani ya kikao hata kama si mjumbe. Kama tarehe ya kufungua inafuata ratiba ya gari lake la barafu badala ya bamvua kubwa, hilo ni jambo la uongozi, liandike kwenye sura hiyo.

Maji_Mafu:

Maboya kwanza. Kupotea ndani ya wiki mbili mara nyingi ni kamba. Huku bamvua kubwa linakaribia tofauti ya mita 4 kati ya kupwa na kujaa. Aliyepima kamba wakati wa kupwa ameweka boya litakalozama au kuvuta nanga yake kila maji yakijaa. Pima kina cha maji makubwa, kisha kamba iwe mara moja na nusu ya hapo. Mita ya chini kabisa weka mnyororo, maana kamba ikisugua tumbawe inakatika. Nanga ni ndoo ya lita 20 iliyojazwa zege na kupachikwa kitanzi cha nondo, nayo ikae kwenye mchanga kando ya mwamba, si juu ya matumbawe. Kwa boya la dumu la lita 20, toboa dumu matundu madogo ubavuni ulijaze mabaki ya povu la maboksi ya samaki. Halitafaa tena nyumbani kwa mtu, wala halitazama likipasuka. Kisha kila boya liwe na alama ya nchi kavu iliyoandikwa kwenye muhtasari wa kikao, ili likipotea mpaka usipotee nalo.

La takwimu: wavuvi 110 wanatosha kukueleza watu wanasemaje. Hawatoshi kukueleza kama kufunga kunafanya kazi, kwa sababu kilichofungwa ni miamba miwili, si watu 110. Kwa swali la kufunga, idadi yako ni mbili. Ukiweka vipimo vya wavuvi wote kwenye jaribio moja kana kwamba kila mmoja ni ufungaji wake, kompyuta itakupa jibu lenye uhakika wa uongo. Kuna njia mbili. Ya kwanza, pima mizunguko mingi ya kufunga na kufungua kwenye miamba hiyohiyo, mwamba na bamvua vikiwa ngazi za juu katika modeli na wavuvi ndani yake. Ya pili, kama muda wa uzamili haukuruhusu, acha jaribio la jumla, onyesha kila mwamba kwa mchoro wake bamvua baada ya bamvua, na uandike wazi kwamba ni visa viwili. Kwa muda wako ningechukua hii ya pili, na ningeongeza mwamba mmoja wa kulinganisha hata kama itabidi upunguze mahojiano 30. Kipimo cha kwanza kiwe bamvua linalokuja, kabla kamati haijatangaza kufunga. Ikishatangaza, watu huvua kwa pupa siku za mwisho, na siku hizo hazihesabiki tena kuwa za "kabla".